Kuipasua 147,573,952,589,676,412,927: shajara ya mradi

Namba yenyewe ni 2^67 − 1. Ina tarakimu 21, na ukiiandika kwa mfumo wa jozi unapata 1 sitini na saba kwenye safu moja, bila sifuri hata moja. Marin Mersenne aliitia mwaka 1644 kwenye orodha yake ya vipeo p ambavyo, kwa maoni yake, vinaifanya 2^p − 1 kuwa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba hiyo ya 67 si tasa, lakini hakutoa kigawo chake hata kimoja. Vigawo vilitolewa na Frank Nelson Cole, Oktoba 1903.

Kwa hiyo jibu linajulikana na sitafuti kitu kipya. Nataka kufika hapo kwa miguu yangu mwenyewe, na kila hatua niweze kuitetea kwa kalamu. Gharama naipima kwa idadi ya majaribio ya kugawanya, si kwa sekunde. Kwa sekunde hakuna mradi: kompyuta ya kawaida inaimaliza namba hii kabla hujakaa vizuri kitini.

5 Januari: Kuiandika tu

Sikutarajia hatua hii ingenila jioni nzima. Niliingiza 2^67 − 1 kwenye lahajedwali, nikapanua safu, ikatoka 147,573,952,589,676,000,000. Sifuri sita mwishoni. Nikaipokea, nikainakili daftarini, nikaanza kuitafutia sifa. Baada ya dakika kama kumi ndipo nilipojiuliza: namba inayopatikana kwa kutoa 1 kwenye namba shufwa inawezaje kuishia na sifuri?

Lahajedwali hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo, zinazobaki huzijaza sifuri bila kukuambia. Wengi wataanzia hapo na kukwama hapo, kwa hiyo naliandika. Nilirudi kwenye karatasi: 2^64 ni 18,446,744,073,709,551,616. Zidisha kwa 8, toa 1, umefika.

Kisha nikaihakiki kwa njia mbili za zamani. Jumla ya tarakimu zake ni 109, ukiondoa tisatisa inabaki 1. Upande wa pili, 2^6 ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1, kwa hiyo 2^66 nayo inabakiza 1, 2^67 inabakiza 2, na ukitoa 1 inabaki 1. Zimekubaliana. Kwa 11 unajumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu kuanzia kulia. Nilipata 17, yaani baki 6. Na 2^10 inabakiza 1 kwa 11, hivyo 2^67 ni sawa na 2^7, ambayo ni 128, baki 7. Toa 1, baki 6. Sawa.

Gharama: jioni moja, na ukurasa mmoja wa daftari nilioupiga msalaba.

8 Januari: Jaribio lililonidanganya

Kabla ya kutafuta vigawo nilitaka kujua kama vipo. Jaribio la haraka ni lile la Fermat: kama N ni tasa na ni kubwa kuliko 2, basi 2^(N−1) ikigawanywa kwa N itabakiza 1. Nikaendesha kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Jibu: 1.

Nilikaa nikiitazama ile 1. Ama Lucas alikosea, ama mimi. (Dau salama lilikuwa wapi, nadhani unajua.)

Shida haikuwa kwenye programu, ilikuwa kwenye kuchagua 2. Tazama namba ndogo ya familia hiyohiyo, 2^11 − 1 = 2047. Si tasa, ni 23 × 89. Lakini 2^11 ikigawanywa kwa 2047 inabakiza 1, maana 2048 imeizidi kwa moja tu. Na N − 1 hapa ni 2046, ambayo ni 11 × 186. Kwa hiyo 2^2046 ni ile 1 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 186: bado 1. Mambo ni yaleyale kwa 67, kwa sababu 2^67 − 2 inagawanyika kwa 67. Kila namba ya umbo la 2^p − 1, p ikiwa tasa na kubwa kuliko 2, lazima ifaulu jaribio hili, iwe tasa isiwe tasa. Nilikuwa nimemtuma mtu akajitolee ushahidi mwenyewe.

Gharama: programu ya mistari mitano na usingizi wa saa mbili.

12 Januari: Jaribio la Lucas na Lehmer

Hili ndilo linalofaa. Anza na 4. Kila hatua: zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la kugawanya kwa 2^p − 1. Rudia mara p − 2. Ukiishia na 0, namba ni tasa. Usipoishia na 0, si tasa.

Kwa 127 (p = 7) unapata 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hatua tano, sifuri, tasa. Kwa 2047 nilifanya kwa mkono hatua zote tisa nikaishia 1736. Si sifuri. Kwa 67 ni hatua 65, niliiachia mashine, na haikuishia sifuri. Lucas yuko salama, Mersenne ndiye aliyeteleza.

Jaribio hili linakuambia tu kwamba mlango upo, halikuonyeshi ulipo. Ndiyo maana miaka 27 ilipita kati ya Lucas na Cole.

18 Januari: Kupunguza kazi

Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 12,148,000,000. Kujaribu kila namba witiri hadi huko ni majaribio bilioni sita. Lakini vigawo tasa vya 2^67 − 1 haviwezi kuwa namba yoyote tu, vina masharti mawili.

Sharti la kwanza. Tuseme q ni tasa na inaigawanya 2^67 − 1. Ukizidisha 2 kwa 2 tena na tena huku ukichukua baki kwa q, unarudi kwenye 1 baada ya hatua 67, na hakuna safari fupi zaidi kwa kuwa 67 yenyewe ni tasa. Urefu wa safari hiyo lazima ugawanye q − 1. Kwa kuwa q − 1 ni shufwa pia, q lazima iwe 134k + 1, k ikiwa namba kamili.

Sharti la pili. Ikiwa 2^67 inabakiza 1, basi 2^68 inabakiza 2. Lakini 2^68 ni 2^34 mara 2^34. Kwa hiyo 2 ni kipeo cha pili cha namba fulani kwa hesabu ya mabaki ya q, na jambo hilo hutokea tu kwa namba tasa witiri zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8.

Sharti la pili linakata nusu ya k zote. Ili kujua ni zipi, nilitumia mfano mdogo wenye vigawo vya kutosha: 2^29 − 1 = 536,870,911 = 233 × 1103 × 2089. Hapo umbo ni 58k + 1, na k ni 4, 19 na 36. Kwa 4 zinabakiza 0, 3 na 0. Nikaandika kwenye programu: chukua k zinazobakiza 0 au 3 zikigawanywa kwa 4, nyingine ruka.

(Naacha sentensi hiyo kama nilivyoiandika siku hiyo. Tutaonana nayo tena.)

Hakuna haja pia ya kugawanya namba ya tarakimu 21. Kwa kila d, yaani kila 134k + 1 unayoijaribu, unatafuta baki la 2^67 kwa kupanda ngazi: vipeo 1, 2, 4, 8, 16, 33, 67. Kila ngazi ni kuzidisha kwa yenyewe, na kwenye 33 na 67 unaongeza kuzidisha kwa 2. Baki la mwisho likiwa 1, umekipata kigawo.

19 Januari: Kimepatikana

k = 1,445,580. Kigawo ni 193,707,721.

Majaribio 722,790. Ningejaribu kila namba witiri kuanzia 3 yangekuwa 96,853,860, yaani mara 134 kamili. Mtu akifanya jaribio moja kwa dakika bila kulala angemaliza kwa siku 502 hivi, kwa hiyo Cole hakupita njia hii. Alitumia mabaki ya vipeo vya pili kuchuja, kazi ya akili kuliko ya misuli.

Hakikisho la kalamu, ambalo yeyote anaweza kulirudia. 2^33 ni 8,589,934,592. Ukiondoa 193,707,721 mara 44 inabaki 66,794,868. Izidishe kwa yenyewe: 4,461,554,391,137,424. Mara mbili: 8,923,108,782,274,848. Gawanya kwa 193,707,721: inaingia mara 46,064,807 na kubakiza 1. Ndiyo 2^67 hiyo, imebakiza 1. Ilinichukua dakika arobaini na nilitabasamu peke yangu.

Kigawo cha pili: 761,838,257,287.

26 Januari: Chujio lilikuwa bovu

Leo nilitaka kuandika kwamba kazi imekwisha. Nikasema nijaze jedwali la sifa kwanza, pamoja na k ya kigawo cha pili. 761,838,257,286 gawanya kwa 134 ni 5,685,360,129. Gawanya kwa 4: baki 1.

Baki 1. Programu yangu inapokea 0 na 3 tu. Kigawo halali cha namba yangu, ambacho ninacho mkononi, kingetupwa nje na chujio langu mwenyewe.

Niliihesabu mara tatu kabla ya kukubali. Kosa liko kwenye 18 Januari, pale nilipochukua kanuni ya 29 nikaivisha 67. Ukigawanya 58 kwa 8 inabaki 2, kwa hiyo 58k + 1 inabakiza 1, 3, 5, 7 kwa k zinazobakiza 0, 1, 2, 3. Zinazofaa ni 0 na 3. Lakini 134 ikigawanywa kwa 8 inabaki 6, na 134k + 1 inabakiza 1, 7, 5, 3. Zinazofaa ni 0 na 1. Kwa jumla: p ikigawanywa kwa 4 ikabakiza 1, tumia 0 na 3, ikibakiza 3, tumia 0 na 1. 29 iko kundi la kwanza, 67 la pili.

Nilikipata kigawo kwa sababu tu k yake inabakiza 0, na 0 imo kwenye makundi yote mawili. Hata hesabu ya majaribio haikunishtua, kwa kuwa kuanzia 1 hadi 1,445,580 idadi ya k za kundi bovu na za kundi zuri ni ileile: 722,790. Kila kitu nilichokuwa nakitazama kilikuwa sahihi. Nusu ya namba nilizozijaribu hazikuwa na haki ya kuwepo, na nusu ya zilizostahili kujaribiwa sikuzigusa.

Utaniuliza kuna hasara gani, kigawo si kimepatikana? Hasara ni kwamba siwezi kusema 193,707,721 ndicho kigawo kidogo kuliko vyote, na bila hilo siwezi kusema ni tasa. Huenda kulikuwa na kingine nimekiruka.

2 Februari: Kurudia, na kukoma mapema

Nilibadilisha herufi moja kwenye programu, 3 ikawa 1, nikaanza upya kutoka k = 1. Hakuna kilichotokea hadi k = 1,445,580. Sasa naweza kusema: hakuna kigawo kidogo kuliko 193,707,721 zaidi ya 1. Na kwa hiyo chenyewe ni tasa, maana kingekuwa na kigawo tasa kidogo zaidi, hicho nacho kingeigawanya namba kubwa na ningekuwa nimekutana nacho njiani.

Safari hii kabla ya kuanza nilijaribu chujio kwa 2047 pia, si kwa 29 peke yake. 11 ikigawanywa kwa 4 inabaki 3, kama 67. Vigawo 23 na 89 ni 22k + 1 kwa k = 1 na k = 4. Mabaki 1 na 0. Dakika mbili za kazi, ningezifanya tarehe 18.

Kosa jingine dogo: nilianzisha programu nyingine kutafuta vigawo vya 761,838,257,287, nikaiacha inazunguka, nikaenda zangu. Niliporudi ndipo nilipogundua kwamba haikuhitajika. Kipeuo chake cha pili ni kama 872,833. Kama si tasa, ina kigawo tasa kisichozidi hapo, na kigawo hicho kingeigawanya pia 2^67 − 1. Lakini nimeshajaribu zote zinazostahili hadi 193,707,721. Kwa hiyo ni tasa, bila jaribio hata moja la ziada. Nikaizima.

Sifa za namba, kwa sasa:

Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 193,707,721, 761,838,257,287 na yenyewe. Ukijumlisha vile vitatu vya mwanzo unapata 762,031,965,009, ambayo ni punje mbele ya namba yenyewe. Laiti ingekuwa tasa, 2^66 × (2^67 − 1) ingekuwa namba kamilifu kwa kanuni ya Euclid, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe. Imeikosa heshima hiyo. Na orodha ya Mersenne, mbali na kuiweka 67 na 257 kimakosa, iliruka 61, 89 na 107.

5 Februari: Kwenye simu

Kwa watakaonakili. Nilihamishia programu kwenye kivinjari cha simu, ikatoa kigawo kilekile, na safari hii sikuiamini hadi nilipochimba. Namba za kawaida za huko ni kamili hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Zaidi ya hapo tarakimu za mwisho hupotea kimyakimya, ugonjwa uleule wa lahajedwali. Baki lolote linalozidi 94,906,265 ukilizidisha kwa lenyewe linaweza kuvuka mpaka huo. Baki la 2^33 kwa kigawo chetu ni 66,794,868, kwa hiyo limepita salama. Kwa namba nyingi kati ya milioni 95 na milioni 193 mambo hayakuwa hivyo, na kigawo ambacho kingekuwa humo kingeweza kurukwa. Tena jibu zuri kwa kazi mbovu. Tumia lugha yenye namba kamili zisizo na ukomo, kama Python.

9 Februari: Kuzidisha kwa mkono

Inasimuliwa kwamba Cole, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, alikwenda ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 2^67, akatoa 1, kisha upande wa pili akazidisha vigawo viwili hadi majibu yakalingana, akarudi kukaa. Nilitaka kujua kuzidisha huko kunahisi vipi.

Nilikigawa kigawo kikubwa vipande vya tarakimu tatutatu na kuzidisha kila kimoja kwa 193,707,721. Jaribio la kwanza halikulingana. Nilihakiki kwa tisa: 193,707,721 inabaki 1, kigawo cha pili kinabaki 1, moja mara moja ni 1, na namba kubwa inabaki 1. Safi kabisa. Nikapoteza nusu saa nikitafuta kosa kwenye kujumlisha.

Kosa lilikuwa kwenye kunakili. Nilikuwa nimeandika 761,883,257,287 badala ya 761,838,257,287. 3 na 8 zimebadilishana viti. Kuondoa tisatisa hakuwezi kuliona hilo, kwa kuwa jumla ya tarakimu haibadiliki ukizipanga upya. Kwa 11 linaonekana papo hapo: kigawo kidogo kinabaki 9, kile nilichokosea kinabaki 9, 9 mara 9 ni 81, baki 4, na namba kubwa inataka 6. Kigawo sahihi kinabaki 8. 72 inabaki 6. Tangu leo nahakiki kwa 11 kwanza.

Mistari minne, kila mmoja umeshasogezwa mahali pake:

× 287: 55,594,115,927
× 257: 49,782,884,297,000
× 838: 162,327,070,198,000,000
× 761: 147,411,575,681,000,000,000

Jumla: 147,573,952,589,676,412,927.

Saa moja na dakika ishirini, kurasa tatu, ukiacha ile nusu saa.